Mkono Uliotoka Paziani

Harufu ndiyo iliyomtangulia Bwana Wongi dukani kwangu, na kwa mtu anayeuza manukato hiyo ni sawa na kutukanwa. Duka langu lilikuwa Mtaa wa Msimbazi, karibu na soko la Kariakoo. Niliuza udi, ubani, manemane, marashi na hiliki. Duka lilikuwa mbele, nyumba nyuma, mlango mmoja katikati, na mama yangu kwenye huo mlango. Bwana Wongi alikuwa Mchina wa majongoo ya bahari. Aliyanunua kwa wavuvi, akayachemsha na kuyaanika katika ua mmoja huko bondeni karibu na mto, kisha akayapeleka kwao kuliwa. Upepo ukigeuka, mtaa mzima uliziba pua na kumlaani. Mimi nilimlaani hata upepo ukiwa umetulia.

Hizo zilikuwa zama za Mwingereza, vita vya kwanza vimekwisha zamani na vya pili havijawazwa na mtu. Biashara ilikuwa ya kusuasua, na mteja hafukuzwi kwa sababu ananuka. Alitaka ubani na manemane. Nikampimia, nikimtania bila kucheka.

"Bwana Wongi, kama unataka kuufukiza ule ua wako, huu hautoshi. Chukua gunia."

Akacheka yeye. "Sifukizi. Nakula."

"Unakula ubani?"

"Kwa mgongo." Akajipiga kiunoni. "Juzi nimebeba pipa, mgongo ukakaza." Kiswahili chake alikuwa amejifunza Unguja, kifupi kifupi lakini safi. "Baba yangu alikuwa na duka la dawa, mji wa Kantoni. Ubani kama wako unavuka bahari, unafika kwetu, unasagwa pamoja na manemane, mtu anameza au anabandika. Ameanguka, mgongo umemkaza, tumbo linamkata, dawa ni hii na nyingine za mizizi. Baba alisema damu ikikwama, maumivu yanakaa. Ikitembea, yanaondoka."

Nimezaliwa katika ubani. Nimeuuza kwa harusi, kwa maziko, kwa nguo za wanawake na kwa kufukuzia mashetani. Mama alikuwa akiuloweka na kunywa maji yake kwa kikohozi. Lakini kwamba watu wa upande wa pili wa dunia walikuwa wanaungoja kwa ajili ya maumivu, hilo lilikuwa geni kwangu. Na yale maneno yake, tumbo linamkata, yalinifanya niweke mizani chini.

Maana ndani ya nyumba yangu kulikuwa na tumbo linalokata.

Mke wangu Hamdiya alikuwa binti wa Mzee Ubeid wa Kilwa Kivinje. Nilimwoa nikiwa mtu mzima kidogo, baada ya kuwakataa wasichana waliochaguliwa na mama, na mama hakulisahau hilo. Hamdiya alikuwa na miaka kumi na tisa, mcheshi, mwenye ulimi mwepesi. Akiwa nyuma ya mlango aliwasikiliza wateja wangu, na usiku akaniigizia mmoja mmoja mpaka mbavu zikaniuma. Lakini kila akiingia mwezini nyumba yetu iligeuka matanga. Maumivu yalimkunja akajiviringisha sakafuni, akauma khanga ili majirani wasimsikie, akatapika hata maji. Mimi hukaa dukani nikipima hiliki, masikio yangu yote yako chumbani. Nilimpenda, basi, na sikuwa na la kumfanyia.

Hospitali niliitaja mara moja tu. Mama akaniuliza kama nimerukwa na akili, mke wa mwanawe Hashil akafunuliwe na daktari mwanamume. Badala yake akaenda kwa mganga mmoja Mchikichini, akarudi na jibu: Hamdiya ana jini la kiume, lina wivu, halitaki awe na mume, wala halitaruhusu tumbo lile lishike mimba. Tukafukiza. Nyumba ya muuza ubani haikosi mafusho. Tulifukiza mpaka paka akahama. Jini lilikaa palepale, na mwezi uliofuata Hamdiya alilia zaidi.

Hapo mama alikata shauri bila kuniuliza. Alimpata mtu anayesafiri kwenda Kilwa, akampa ujumbe kwa Mzee Ubeid: mkwe wetu anaumwa, tafadhali njoo umchukue akapumzike kwenu. Maneno ya adabu kabisa. Lakini kwetu kila mtu anajua maana ya mke mchanga kwenda kupumzika kwao pamoja na sanduku lake. Hupumzika mpaka talaka ikamfikia.

Hamdiya alijua pia. Usiku ule hakuniigizia mtu.

"Hashil," aliniambia, "ukija kuniacha usinitumie talaka kwa mkono wa mtu. Njoo Kilwa mwenyewe, uniambie usoni."

"Hakuna talaka."

"Mama yako hajawahi kushindwa na mtu katika nyumba hii. Na wa kwanza kushindwa naye ni wewe."

Alisema kweli. Mimi mbele ya wateja nina hasira za karibu na mdomo usiojua breki, lakini mama akikohoa tu, nanywea.

Basi siku ile ya Bwana Wongi nilifunga duka upande mmoja, nikamvuta kwenye kibao cha kukalia. Nikaanza kuzunguka kwa maneno. Nikasema nina ndugu, anaumwa.

"Ndugu yako anaumwa wapi?"

"Tumbo."

"Mwanamume?"

Nikaanza kupanga upya chupa za marashi ambazo zilikuwa zimepangika.

"Kila mwezi?" akauliza taratibu.

Nikatikisa kichwa kukubali, jasho likinitoka kama mwizi. Yeye hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo. Akaniambia hakuwa mganga. Alikimbia duka la baba yake kwa kuchoka kusaga mizizi, akaona afadhali majongoo. Lakini alikuwa na sanduku lenye vidroo, la kujitibia mwenyewe na rafiki zake, na baba alimfundisha ya kutosha kabla hajatoroka. Kulikuwa na vijiazi vya rangi ya manjano, vigumu kama kokoto, ambavyo kwao wanawake huvijua sana.

"Nipe hivyo," nikasema.

"Sitoi hivyo hivyo. Lazima nishike mkono, nisikie mshipa. Kuna maumivu ya baridi na maumivu ya moto. Nikikosea, nitaongeza."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni kwa sababu meli ya kutoka Kilwa ilikuwa inatarajiwa wakati wowote. Nilikwenda kwa mama, nikamkuta ameketi kwenye kitanda cha kamba ukumbini anachambua mchele, nikamweleza yote bila kupumua. Nikangoja aniangushie ungo.

"Mchina wa majongoo," akasema.

"Ndiye, mama."

"Amshike mkono mkeo."

"Nyuma ya pazia, mama. Hatamwona. Mkono tu, na juu yake kitambaa."

Alichambua mchele kwa muda, akatupa chuya uani. "Mlete kesho baada ya adhuhuri," akasema. "Mwambie aoge."

Nilitoka pale roho nyeupe, nikajiona mwanamume wa kwanza duniani aliyemweza mama yake. Nilipaswa kushtuka. Mama hakuwa mtu wa kukubali jambo kwa mara ya kwanza, hata kama ni jambo lake mwenyewe.

Kesho yake Bwana Wongi alikuja amevaa kanzu. Aliazima wapi sijui, ilimfika kwenye mapaja, lakini alikuwa ameoga kweli na kujipaka marashi yangu mwenyewe. Nikamweka ukumbini kwenye mkeka, mbele ya mlango wa chumba cha mama uliofungwa pazia zito la maua mekundu. Nyuma ya pazia nilisikia nguo zikichakarika. Nikasema hodi, tuko tayari.

Mkono ukatoka.

Ulikuwa umefunikwa kitambaa chembamba cha hariri kuanzia kwenye kifundo kwenda juu, vidole vimepakwa hina iliyokoza, hina ya jana usiku. Mpaka hapo sawa. Lakini kwenye kidole cha kati kulikuwa na mviringo mweupe, mahali ambapo pete imekaa miaka mingi na sasa imevuliwa. Na chini ya kidole gumba kulikuwa na kovu refu la mafuta ya moto. Kovu lile nilikuwa nalijua kuliko jina langu. Alilipata siku moja ya Idi akikaanga vitumbua, nami ni mtoto nimemshika nguo nikidai changu.

Ulikuwa mkono wa mama.

Nilitaka kupiga kelele na nilitaka ardhi inimeze, yote kwa pamoja. Nimlete mgeni nyumbani, avae kanzu kwa heshima yetu, nimwombe msaada, kisha mama yangu mzazi amchezee shere! Lakini ungekuwa wewe ungesemaje? Mtoto anamwumbua mama yake mbele ya mgeni, anamwambia ondoa mkono wako mama, huo si wenyewe? Kwetu hilo halisemeki. Nikaketi nikiwa nimekaza taya, nikitazama kanzu fupi ya Bwana Wongi.

Yeye aliweka vidole vitatu juu ya kitambaa, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu, anabonyeza kidogo, anaachia, anabonyeza. Akaomba mkono wa pili. Ukatoka wa pili, nao ni wa mama vilevile, sikutegemea vingine. Alipomaliza akafumbua macho, akanitazama mimi, si pazia.

"Muulize mkeo," akasema, "magoti yanamwamsha usiku?"

Nguo zikachakarika nyuma ya pazia.

"Mvua ikikaribia yanazidi? Akitaka kuinuka, anashika ukuta?"

Pazia likatikisika kidogo. Mimi nikashangaa kweli. Ilikuwa miaka miwili mama anasali kwa kukaa, lakini kila tulipomwuliza alisema ni uzito wa umri tu, hakuna kinachouma. Tukamwamini, maana mama akisema limekwisha, limekwisha.

Sijui hata leo kama Bwana Wongi alisikia magoti katika mshipa, au aliona mikunjo ya ngozi pale kitambaa kilipoishia, akakisia mengine kama anavyokisia mtu yeyote mwenye mama mzee. Mimi mwenyewe sikuhitaji mshipa. Lakini alichokifanya baadaye ndicho kilichonifanya nimheshimu, pamoja na majongoo yake. Angeweza kukasirika. Angeweza kuniuliza mke gani huyu. Alikunjua miguu, akarudisha kitambaa vizuri juu ya ule mkono, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani:

"Mimi nitatoa dawa ya mkono niliopewa."

Jioni akaleta vifurushi. Kimoja kilikuwa cha ubani na manemane, vilevile alivyonunua kwangu, vimesagwa laini pamoja na mzizi mweusi. Hicho kichanganywe na mafuta ya ufuta, kipashwe, kibandikwe magotini na kufungwa. Kingine kilikuwa cha vile vijiazi vya manjano vilivyopondwa, navyo ni vya kunywa. Akaeleza kwamba kwao huvikaanga kwa pombe ya mchele, na kabla hajamaliza nimeshamziba mdomo.

"Au siki," akaongeza haraka. "Siki ni bora zaidi. Bila siki dawa inabaki ndani ya kiazi, haitoki."

Siki tulikuwa nayo mtungi mzima. Nikavibeba vifurushi kwa mama, nikaviweka mbele yake, nikatamka kwa heshima zote nilizoweza kuzikusanya, "Dawa yako hii, mama."

"Si yangu," akasema. "Nimempima kabla hajanipima. Nilitaka kujua kama ni mwongo."

"Na sasa?"

"Sasa toka, nasikia mtu anaita dukani."

Hakukuwa na mtu dukani. Nilikaa huko nimeshika tama, nikimwona Hamdiya amekwisha panda meli. Nafasi yenyewe ndiyo hiyo, na mama ameitumia kwa mchezo.

Lakini kuna kinu kidogo cha shaba chumbani kwa mama, na mlio wake naujua. Usiku ule kililia, pole pole, kama mtu asiyetaka kusikika. Hamdiya akaniuliza mama anatwanga nini saa hizi. Nikamwambia anatwanga kiburi. Tukacheka chini ya shuka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na mlio wa kinu ukasita kidogo kana kwamba umetusikia.

Zikapita siku. Mama alinuka ubani na siki, akisingizia achari. Jirani yetu Bi Mwanamkuu alikuja kuomba aonje hiyo achari, akaambiwa bado haijaiva. Mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa nimenuna, na nikinuna nanuna kweli.

Alasiri moja nikaingia ndani kuchukua mizani ndogo. Mama alikuwa kwenye msala wake ukumbini, amenipa mgongo. Alikuwa amesimama. Nikasimama na mimi, mlangoni, mizani imeshasahauliwa. Akarukuu. Akaenda chini, akasujudu, paji la uso likagusa msala. Nikabana pumzi, kwa sababu kushuka ni jambo moja na kuinuka ni jingine. Akainuka. Hakushika ukuta wala kitanda. Alikunja uso kidogo, goti moja likatoa mlio, akasimama wima kama alivyokuwa akisimama nilipokuwa mtoto. Machozi yakanijaa nikiwa pale pale na ndevu zangu, nami sioni haya kulisema.

Alipomaliza rakaa zake akatoa salamu kulia na kushoto, akaniona.

"Unatazama nini? Hujaona mtu akisali?"

"Sijaona, mama. Miaka miwili."

Akakunja msala wake bila haraka. Akaupangusa vumbi ambalo halikuwapo. "Kesho mwite yule mtu wako," akasema. "Pazia lifungwe tena. Safari hii utatoka mkono wenyewe."

Na kweli ukatoka wenyewe. Bwana Wongi alikuja na kanzu yake fupi, akaketi palepale, na kupitia pazia ukatoka mkono mwembamba, na juu ya kiwiko ulikuwa umeshikwa na mkono mwingine wenye kovu chini ya kidole gumba. Mama alikuwa amemshika mkwewe kama anayemvusha njia.

Bwana Wongi akaitazama mikono yote miwili. "Huu ni mwingine," akasema.

"Huo ndio," ikajibu sauti ya mama. "Pima."

"Na magoti yanaendeleaje?"

"Magoti hayakuhusu. Nimesema pima."

Akapima huku anajizuia kucheka. Akauliza maswali yake, naye Hamdiya akamjibu mama kwa kunong'ona, na mama akayasema kwa sauti yale yanayosemeka. Ni maumivu ya baridi, akasema Bwana Wongi, damu inakwama, na hilo kwao halina uhusiano na jini wala shetani. Ni vile vijiazi, na safari hii viongezwe mzizi mwingine wenye harufu tamu nzito. Anywe maumivu yanapoanza, asingoje yamshike. Asiongeze kipimo kwa pupa. Na akishika mimba, aache mara moja, asiviguse.

Halafu mama akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku, "Kwani mimba inaweza kushika?"

"Kwa nini isishike?" akasema Bwana Wongi. "Mshipa mzuri. Msichana mzima. Ana maumivu tu."

Ana maumivu tu. Sijapata kusikia maneno matamu kama hayo. Mwaka mzima mke wangu alikuwa na jini, na mume wa kuzimu, na tumbo lililofungwa, na kumbe alikuwa na maumivu tu, kitu chenye dawa ya kuchemshwa na kunywewa. Nilitaka kumkumbatia Bwana Wongi mbele ya mama. Nilimtia mkononi kopo zima la ubani mzuri, ule wa Dhofari niliokuwa naufichia watu wa harusi, nikamwambia asithubutu kuufungua mkoba wake.

Bado dawa ilikuwa haijajaribiwa, na meli ilikuwa haijafika. Vyote viwili vilitokea siku moja.

Hamdiya alinigusa bega alfajiri. Nilimwona usoni, nikajua. Mama alikuwa ameshaamka, vijiazi vimeshakaangwa kwa siki tangu juzi, amevisaga kwa mkono wake. Akachemsha, akachuja, akaleta kikombe. Hamdiya alionja akakunja uso.

"Chungu kama nini," akasema.

"Kunywa," mama akamwambia. "Mimi nimekunywa siku zote hizo, sijafa."

Akanywa. Sikufungua duka. Nilikaa chini karibu na kitanda nikimshika mkono, na maumivu yakaja, akajikunja, akauma khanga. Nikasema basi, ndiyo hayo hayo. Mama alisimama mlangoni akivuta tasbihi yake. Jua likapanda. Watu wakagonga dukani, wakaondoka. Hamdiya akanyamaza, nami nikaogopa ukimya kuliko kilio.

"Hashil," akasema. Khanga ilikuwa imetoka mdomoni. "Yanaondoka."

"Yanaondokaje?"

"Pole pole. Yapo, lakini yako mbali. Kama mtu anatwanga nyumba ya tatu." Akafumbua macho, akayatembeza chumbani kana kwamba ni chumba kigeni. "Kumbe watu wengine ndivyo wanavyoishi siku zote?"

Mimi nikaangua kilio na kicheko kwa pamoja, na mama akageuka akaenda jikoni, huko nikamsikia anapenga kamasi kwa kishindo. Hamdiya akalala, na kulala kwake kulikuwa kwa mtu mzima aliyechoka tu.

Aliamka karibu na adhuhuri kwa kelele za mlangoni. "Hodi! Hodi wenyewe!" Sauti nzito ya Kilwa. Mzee Ubeid alikuwa ameshuka melini, amepanda riksho, kigari cha kuvutwa na mtu, kutoka forodhani, na nyuma yake mpagazi mwenye kamba begani. Ile kamba niliielewa. Ilikuwa ya kufungia sanduku.

Nilimpokea, nikamwamkia shikamoo kwa sauti isiyo yangu. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, lakini macho yake yalikuwa ndani. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kilemba kilichochakaa kwa safari, na uso wa baba aliyesafiri siku kadhaa akijiuliza atamkuta mwanawe katika hali gani. Sikumwonea hasira hata kidogo. Aibu ilikuwa yetu.

Akaketi ukumbini. Mama alikuwa kwenye kitanda chake cha kamba, amejitanda ushungi. Na kabla mtu hajasema neno, Hamdiya akaingia na sinia la kahawa na halua. Amevaa vizuri, amejifukiza udi. Akambusu baba yake mkono. Mzee Ubeid akamshika kidevu, akamtazama kushoto na kulia, kama anayekagua kitu alichoambiwa kimevunjika na hakioni ufa.

"Bi Nunu," akamwambia mama mwishowe, na sauti ilikuwa na adabu lakini chini yake kulikuwa na moto. "Nimeletewa ujumbe nije nimchukue mgonjwa. Nimeacha shamba, nimeacha watu. Mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

Hamdiya akainamisha kichwa. Nikaona anachokiogopa. Jambo lake la siri, la kike kabisa, lilikuwa sasa liwekwe mezani kati ya kahawa na halua, baba yake alisikie, mpagazi mlangoni alisikie, na kesho Kilwa nzima. Nikafungua mdomo niingilie kati.

Mama aliinuka. Hakushika ukuta wala hakuniita nimsaidie. Aliinuka kutoka kwenye kile kitanda cha chini, akasimama wima mbele ya mkwe mwenzake, ambaye siku ya harusi yetu alikuwa amepokewa na mama akiwa ameketi, na mzee alilikumbuka.

"Mgonjwa ni mimi, Bwana Ubeid," akasema. "Magoti. Miaka miwili sikuweza kusali kwa kusimama. Binti yako ndiye aliyeniuguza, akachoka, nikaona aje baba yake amwone kidogo. Mwenye kuufikisha ujumbe kaugeuza njiani. Sasa nimepona, na simwachi aende popote."

Mzee Ubeid akamtazama mama, akamtazama binti yake, akanigeukia mimi. Si mtu wa kudanganywa kirahisi.

"Hashil," mama akaniambia, macho yake yakiwa makali na ndani yake kuna kitu ambacho sijawahi kukiona, kama ombi. "Mweleze mkweo. Yule tabibu alipokuja hapa na akaomba mkono wa mgonjwa, mkono uliotoka paziani ulikuwa wa nani?"

Hamdiya akainua kichwa.

"Ulikuwa wako, mama," nikasema, na wala sikusema uongo.